Beren na Lúthien kwa masikio: toleo gani ununue

Mwezi uliopita nilinunua hadithi ya Beren na Lúthien, kisa cha mapenzi cha J.R.R. Tolkien, mwandishi wa The Lord of the Rings, kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, niisikilize usiku nikishazima taa. Nikapewa faili moja ndefu, haina alama ya sura hata moja. Usingizi ulinichukua Lúthien akiwa bado kafungiwa juu ya mti wa Hírilorn. Kesho yake nilihangaika dakika 20 kumtafuta, mbele nyuma, mbele nyuma. Niliomba hela yangu, sikurudishiwa.

Tangu hapo, kabla ya kuuliza nani kasoma, nauliza kama sura zina alama. Kwa hadithi hii ni jambo kubwa. Kitabu cha mwaka 2017 alichokihariri Christopher Tolkien kinapanga masimulizi ambayo baba yake aliyaandika kwa nyakati mbalimbali, nathari na tenzi, huku maelezo ya mhariri yakiingia katikati. Katika simulizi la mwanzo kabisa anayemtesa Beren ni Tevildo, mkuu wa paka, anayemkamatisha panya na kumtumikisha jikoni. Baadaye nafasi yake inashikwa na Thû, bwana wa mbwa mwitu, ambaye mwishowe ndiye Sauron, adui mkuu wa The Lord of the Rings. Mwenye kitabu mkononi anaona kichwa cha sura. Wewe wa hedifoni, bila alama, unashtukia paka kageuka mchawi.

Chaguo langu la kwanza ni The Silmarillion, kitabu cha Tolkien chenye visa vingi kikiwemo hiki, toleo la HarperCollins lililosomwa na Martin Shaw. Naipenda na sifichi. Nenda moja kwa moja sura ya 19, kisa kizima kimo humo. Sikiliza Beren anaporudi mbele ya Thingol, baba yake Lúthien, aliyemtaka alete kito cha Silmaril ndipo amwoe binti yake, na kusema kito kimo mkononi mwake. Anafumbua vidole vya mkono wa kushoto polepole: mtupu. Kisha anainua mkono wa kulia, ambao kiganja chake kiling'atwa na mbwa mwitu Carcharoth pamoja na kito chenyewe. Shaw hapandishi sauti hapo, na mimi huacha kila ninachofanya.

La pili ni Beren and Lúthien, iliyosomwa na Timothy West na mwanawe Samuel. Kazi ya baba iliyohaririwa na mwana, ikasomwa na baba na mwana! Tenzi zimo, ila nunua ukishakijua kisa.

La tatu ni The Silmarillion ya Andy Serkis, ya mwaka 2023. Vita anaviweza sana. Kwenye mapenzi anaigiza kupita kiasi.

Nakala za bei chee zenye sauti ya kompyuta zinavunja majina yote. Ziache.

Wauzaji wananikera. Watakuwekea picha ya jalada na urefu kwa saa na dakika, lakini orodha ya sura huioni mpaka ulipe. Kionjo wanachokupa ni dakika chache za mwanzo tu. Bei ni ya dola, benki nayo inakata chake, na wengine wanakuambia toleo haliuzwi nchini kwako wakati umeshajaza namba zote za kadi. Mwandikie muuzaji kwanza, akutumie picha ya orodha ya sura. Akikataa, usimlipe.