Chati ya ukutani ya Marishi Saba, dukani Ngara: michoro safi, majina yamechanganyika

Chati hii ya Marishi Saba, wahenga watakatifu wa Uhindu, ni ya ukubwa wa A2, inauzwa shilingi 650 katika duka moja la vifaa vya ibada ya Kihindu mtaani Ngara, Nairobi, na wanaoiulizia zaidi ni walimu wa HRE (somo la dini ya Kihindu) na wazazi. Wino haufifii wala karatasi haijikunji. Ila ukiitundika jinsi ilivyo, utafundisha makosa.

Michoro kwanza, maana aliyechora alijua kazi. Vishvamitra ana taji la kifalme miguuni, kwa sababu alikuwa mfalme kabla ya kuingia katika toba kali ya miaka mingi. Vasishtha anasimama na ng'ombe Nandini, yule ambaye Vishvamitra alijaribu kumchukua kwa nguvu, na uhasama wao ukaanzia hapo. Hata rozari zina mbegu za rudraksha zenye mikunjo yake. Chati nyingi za bei hii huchora wazee saba wenye ndevu zilezile, basi.

Tatizo ni majina. Walio kwenye picha ni Marichi, Atri, Angiras, Vishvamitra, Jamadagni, Kashyapa na Vasishtha. Hapo orodha mbili zimechanganywa. Brihadaranyaka Upanishad, kitabu kitakatifu cha kale, inataja Gotama, Bharadvaja, Vishvamitra, Jamadagni, Vasishtha, Kashyapa na Atri. Mahabharata, utenzi mkuu wa mashujaa, katika sehemu ya Shanti Parva, inataja Marichi, Atri, Angiras, Pulastya, Pulaha, Kratu na Vasishtha. Orodha kutofautiana si kosa, kwani Purana, vitabu vya masimulizi ya kale, zenyewe husema kila enzi ya Manu (baba wa wanadamu wa enzi hiyo) ina marishi wake saba. Kosa ni kuchota huku na huku bila kumwambia msomaji. Mtoto wa ukoo wa Bharadvaja atamtafuta babu yake pale asimwone, na gotra, yaani ukoo wa rishi, ndiyo inayoulizwa siku ya kupanga ndoa.

Mchanganyiko huo unaumiza zaidi chini, kwenye ramani ya nyota. Kundi la nyota la Saptarishi, yaani marishi saba, lenye umbo la upawa limeandikwa kwa orodha ya pili: kuanzia ukingo wa bakuli ni Kratu, Pulaha, Pulastya, Atri, Angiras, Vasishtha, na Marichi kwenye ncha ya mpini. Kwa hiyo nyota tatu hazina sura yoyote juu. Isitoshe, nyota ndogo ya Arundhati imewekwa kando ya Marichi. Mahali pake ni ubavuni mwa Vasishtha, mumewe, na ndiyo maana maharusi huonyeshwa nyota hizo mbili pamoja.

Rishi mwingine mashuhuri, Agastya, hayumo kabisa, na kwa darasa la Nairobi hilo ni pengo kubwa. Nyota yake, Canopus, hung'aa upande wa kusini. Mwisho wa Machi, mnamo saa nne usiku, mawingu yakiruhusu, mtu akiwa mahali pasipo na majumba marefu humwona Agastya kusini na wale saba kaskazini kwa wakati mmoja.

Safu ya Rigveda, moja ya Veda nne zenye tenzi takatifu, iko sawa kwa sehemu kubwa. Vitabu vyake vya 2 hadi 7 vimepewa marishi wenyewe: Gritsamada, Vishvamitra, Vamadeva, Atri, Bharadvaja, Vasishtha. Gayatri, ile sala mashuhuri, imeonyeshwa vizuri: kitabu cha 3, utenzi wa 62, ubeti wa 10, vipande vitatu vya mizani nane nane. Lakini chati inasema mhenga Vyasa "aliandika" Veda. Mapokeo husema alizigawa nne, akawakabidhi wanafunzi wake Paila, Vaishampayana, Jaimini na Sumantu; tenzi zenyewe marishi walizipokea kwa maono, zikahifadhiwa kwa kukaririwa. Lopamudra naye ametajwa kama mke wa Agastya tu, ilhali sauti yake imo katika utenzi wa 1.179 (kitabu cha 1, utenzi wa 179). Wanawake wengine wenye tenzi humo, Ghosha (10.39 na 10.40) na Apala (8.91), hawakukumbukwa.

Kwa hiyo, omba nakala isiyo na laminesheni. Chapisha vibandiko vya majina kwa orodha ya Upanishad: Gotama badala ya Marichi, Bharadvaja badala ya Angiras, kisha andika kando ya ramani kwamba nyota zinafuata Mahabharata. Hamisha Arundhati. Gundi ikikauka ndipo upeleke saiber ikapigwe laminesheni, na uwaambie waache ukingo wa milimita tano kila upande. Zile zinazouzwa zikiwa na laminesheni zimekatwa sawasawa na karatasi, na unyevu wa msimu wa mvua huingilia pembeni.

Maelezo yote ni ya Kiingereza. Majina pekee ndiyo yenye Kidevanagari, mwandiko wa Kisanskriti na Kihindi.