Uzi wa kusuka kwenye mshipi wa mkono: miezi minne baharini

Nilinunua roli ya mita 300 ya uzi wa kusuka wa kuvulia samaki (nyuzi nyembamba zilizosukwa kuwa mmoja), ule wa kijani, baada ya kuchoka kukatikiwa mshipi. Kibandiko kinasema unahimili pauni 40, yaani kama kilo 18, na kweli ni mwembamba sana ukiulinganisha na nailoni ya nguvu hiyohiyo. Muuzaji aliniapia kwamba nailoni sitaigusa tena. Naigusa kila wikiendi.

Navua kwa mkono, kwenye ngalawa ya mzee mmoja wa Mjimwema, Kigamboni. Tunashusha pima kumi hadi kumi na tano (pima moja ni kama mita 1.8) juu ya miamba (visiwa vya Sinda hatusogei, ni hifadhi). Uzuri wa uzi huu niliuona siku ya kwanza: hauvutiki. Changu akidonoa tu, kidole kinajua. Zamani nilikuwa napandisha ndoana tupu, ngisi keshaliwa kimyakimya. Tena kwa wembamba wake mkondo haupati pa kuushika. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, nilizoea kufunga chubwi (vipande vya risasi vya kuzamishia mshipi) mbili. Sasa moja inafika chini na inatulia.

Kasoro zikaja wiki ya pili. Nilinasa chewa, akakimbilia pangoni, uzi ukagusa tumbawe ukiwa umekaza, basi. Nailoni hukwaruzika kwanza, ukaipapasa ukaona imekuwa na makovu, ukakata ukafunga upya. Huu hauna taarifa. Vidole navyo: ulinichana kwenye kiungo cha kidole cha shahada, maji ya chumvi yakamalizia. Mzee akacheka mpaka akaacha kafi.

"Mwanangu, huo si uzi wa kushonea viatu?"

"Wameniuzia wa samaki, mzee."

Lakini ndiye aliyenipa dawa. Mwishoni unaunga pima mbili za nailoni nene, na ndoana na chubwi zinafungwa huko. Mwamba unasuguana na nailoni, mkononi unabaki na uzi unaosikia kila kitu. Vidoleni navaa pete nilizokata kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, hazinigharimu kitu.

Angalia sana mafundo, maana uzi huu unateleza. Fundo nililozoea kwenye nailoni lilifunguka mara mbili, samaki akaondoka na ndoana. Sasa napitisha uzi mara mbili kwenye tundu, naongeza mizunguko, nalowesha mate, kisha nakaza taratibu. Kwa nguru usijaribu bila kipande cha waya. Meno yale hayachagui uzi wala nailoni.

Rangi ilianza kufifia mapema na kubaki viganjani, ila nguvu sijaona ikipungua. Nikirudi nausuuza kwa maji baridi ya bomba na kuuanika kivulini.

Ningenunua tena, ila roli ndogo. Kwa kina chetu mita 300 ni nyingi mno. Zile za ziada keshazichukua mzee, anashonea tanga.