Flashi ndiyo mizani: wapi pa kununua nyimbo za kupakua, na unapewa nini ukishalipa

Chukua wimbo ulioununua, uweke kwenye flashi, uchomeke kwenye redio ya gari la jirani. Ukiimba, umenunua. Ukigoma, umekodi, hata kama risiti imeandikwa vinginevyo. Ndicho kipimo ninachotumia tangu siku nilipobadilisha kompyuta nikakuta nyimbo thelathini na kitu nilizozilipia zimekuwa bubu. Duka lenyewe silitaji. Nilinuna siku mbili, kisha nikaanza kusoma yale masharti ambayo miaka yote nilikuwa nayabofya "Nakubali" bila kuyatupia jicho.

Kwa hiyo orodha hii haijapangwa kwa bei wala kwa utamu wa sauti. Nimeipanga kwa swali moja: nikishalipa, ufunguo anabaki nao nani?

Unachonunua hasa

Ukilipia wimbo wa kupakua, wimbo hauwi wako. Utunzi ni wa mtunzi, na rekodi ni ya lebo au ya msanii mwenyewe. Wewe unapewa leseni, yaani ruhusa ya kusikiliza na kuweka nakala kwenye vyombo vyako. Kanda ukiichoka ungeweza kumuuzia mwenzio. Faili huwezi. Kampuni moja ya Marekani, ReDigi, ilijaribu kufungua soko la mp3 za mtumba, Capitol Records wakaishtaki, na mwaka 2018 mahakama ya rufaa ikasema kulihamisha faili ni kutengeneza nakala mpya, na nakala mpya inataka idhini ya mwenye haki. Mtumba wa mp3 ukafia hapo.

Juu ya leseni, maduka mengine yaliongeza kufuli, lile ambalo mafundi huliita DRM. Duka la iTunes la kampuni ya Apple lilipofunguliwa Aprili 2003, wimbo ukiuzwa senti 99 za dola, uliweza kuuchezesha kwenye kompyuta tatu tu, baadaye tano, na kila kompyuta ilibidi kwanza ipewe ruhusa. Siku ya kununua kufuli halikuumi. Linauma siku mwenye ufunguo anapofunga duka. Mwaka 2008 Microsoft waliwatangazia wateja wa duka lao la nyimbo, MSN Music, kwamba mitambo ya kutoa ruhusa itazimwa: kompyuta uliyo nayo itaendelea kuimba, ukinunua nyingine au ukibadilisha mfumo wake basi tena. Watu walipiga kelele mpaka tarehe ikasogezwa mbele. Yahoo nao walizima duka lao mwaka huohuo. Januari 2009 Apple walitangaza kuondoa kufuli kwenye nyimbo zao zote za kuuza, na leo maduka makubwa yanayouza nyimbo moja moja hayafungi tena. Kufuli halikufa, lakini. Limehama, nasi tutalikuta chini kabisa ya orodha.

1. Bandcamp

Hapa, kwenye duka la mtandaoni ambako wasanii na lebo huuza wenyewe, sina ubishi. Unalipa, unachagua aina ya faili (MP3, WAV, FLAC inayobana faili bila kupunguza sauti, na nyinginezo), unapakua, na hakuna kufuli. Ukitaka leo MP3 ya gari na kesho FLAC ya kuhifadhi, unarudi kupakua tena bila kulipa mara ya pili. Bei hupangwa na msanii au lebo, na wengine huacha mnunuzi aseme atatoa ngapi. Bandcamp hukata asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, inashuka hadi 10 msanii akishafikisha dola 5,000, kisha kuna ada ya malipo, kinachobaki kinamwendea muuzaji. Sijaona mahali pengine ambapo hela yangu inafika karibu hivyo na aliyeimba.

Muziki wetu umo? Umo, lakini si ule wa redioni. Singeli ya Dar es Salaam, kwa mfano, inauzwa humo kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ukitafuta bongo fleva inayovuma wiki hii, mara nyingi utatoka mikono mitupu. Malipo ni kwa kadi au PayPal. Asiye na kadi ya benki, kadi ya Visa ya mtandaoni inayofunguliwa kwenye M-Pesa inaweza kusaidia.

Onyo dogo: pakua siku hiyohiyo. Usiiachie programu ya simu ikuhifadhie. Msanii huhama lebo, lebo hugombana na msanii, ukurasa ukaondoka.

2. CD, ukainakili mwenyewe

Najua, mwongozo ni wa kupakua. Lakini kwa taarab na dansi la zamani CD bado ni njia safi. Haiombi intaneti, haijui jina lako, na ukiichoka unaweza kuigawa. Ukiinakili kwa FLAC unapata sauti ileile iliyomo kwenye diski, kisha FLAC hiyo unaigeuza MP3 ya gari wakati wowote.

Sheria ya nakala ya nyumbani hutegemea ulipo. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya 1999 ina kifungu kinachoruhusu mtu kunakili kwa matumizi yake binafsi. Wenzetu wa Uingereza wana kichekesho: serikali iliruhusu nakala hiyo Oktoba 2014, na Julai 2015 Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa, hivyo anayehamisha CD yake mwenyewe kwenda kwenye simu yake mwenyewe anavunja sheria kwenye karatasi.

Ukinunua CD za mtumba, jihadhari na baadhi ya zile za Sony BMG za 2005. Zilikuwa na programu iliyojificha ndani ya Windows ili kuzuia kunakili, kampuni ikashtakiwa na ikalazimika kuzirudisha kutoka sokoni. Zichezeshe kwenye redio, usizitie kwenye kompyuta.

3. iTunes Store na Amazon

Faili la iTunes ni AAC, aina nyingine ya faili la sauti, ya ubora wa 256 kbps; la Amazon ni MP3. Yote mawili hayana kufuli na flashi inayapokea, ila redio nyingine za zamani za gari hazisomi AAC, itabidi uigeuze. Nyimbo mashuhuri za dunia karibu zote ziko hapa.

Kwa nini basi ni ya tatu? Kwanza mipaka. Haki za muziki hutolewa nchi kwa nchi, kwa hiyo wimbo ulio kwenye duka la Marekani unaweza usiwepo kwenye duka la nchi yako, na Amazon haiuzi MP3 kila mahali. Ndugu zetu walioko ughaibuni wanaumia zaidi: akaunti ikihama kutoka nchi moja kwenda nyingine, ulivyovinunua kule vinaweza visionekane huku. Pakua kila kitu kabla hujahamisha akaunti.

Pili, faili la iTunes hubeba ndani yake jina na barua pepe ya mnunuzi. Halikuzuii kunakili, linakutaja tu. Flashi ukimwachia konda wa daladala, jina lako litazunguka Mbagala yote.

4. Mdundo

Jukwaa hili la muziki lilianzia Kenya, na mwaka 2020 hisa zake ziliingia kwenye soko la Nasdaq la Copenhagen. Unapakua MP3 bure, halali, na gharama inalipwa na tangazo la sauti lililopachikwa kwenye faili. Kwenye kipimo cha flashi linafaulu, na kwa muziki wa Afrika Mashariki linaizidi Bandcamp kwa mbali. Nimelishusha kwa sababu moja iliyo nje ya lile swali langu, nayo ni ya masikio: tangazo halitoki. Utalisikia mwaka huu, na mwakani utalisikia tena bidhaa yenyewe ikiwa imeshaondoka dukani. Kuna huduma ya kulipia kwa asiyeyataka matangazo.

5. "Pakua" ya Spotify, Boomplay na wenzao

Hapa, kwenye programu za kusikiliza muziki mtandaoni, ndipo kufuli lilipohamia. Neno ni lilelile, pakua, lakini kinachoshuka ni faili lililofungwa ndani ya programu. Spotify ya kulipia inakuruhusu nyimbo 10,000 kwenye kila kifaa, vifaa visivyozidi vitano, na lazima uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30 ili wajue bado unalipa. Ukiacha kulipa, maktaba inanyamaza. Flashi ndiyo usahau kabisa.

Simwambii mtu asitumie. Kwa mwenye bando dogo anayetaka kuonja muziki mwingi, bei yake ni rahisi, nami mwenyewe nalipia moja. Ila ni kodi ya nyumba. Ukitaka wimbo wa harusi yako uwepo miaka ishirini ijayo, ununue mahali pengine. Jimbo la California, Marekani, limeliona hili: tangu Januari 2025 duka la kidijitali haliruhusiwi kuandika "nunua" kwa kitu kinachoweza kuzimwa kwa mbali bila kumweleza mteja wazi kwamba anapata leseni tu. Sheria hiyo haiwagusi wanaouza faili unalolipakua likabaki nawe daima.

Yule kijana wa kibandani anayekujazia memori kadi kwa elfu mbili simpi namba. Flashi itaimba, lakini hakuna leseni yoyote uliyopewa, na msanii hajaona hata senti. Hali kadhalika tovuti zinazogeuza video za YouTube kuwa mp3.

Ukitaka kuupiga mbele za watu

Leseni zote nilizotaja ni za nyumbani. Baa, hoteli na saluni zinahitaji kibali kingine cha kuupiga muziki hadharani: kwa Tanzania anza kuulizia COSOTA, kwa Kenya KECOBO, ambazo ndizo ofisi za hakimiliki. Hata ungenunua albamu Bandcamp kwa dola mia, haikupi ruhusa hiyo.

Video ni jambo la tatu. Mpwa wangu alipandisha YouTube video ya harusi yenye wimbo aliokuwa ameulipia kihalali, akakuta mwenye haki ameidai kwamba inatumia wimbo wake. Alinionyesha risiti kwa hasira. Risiti ilikuwa sahihi, ila ya kusikiliza. Kuunganisha wimbo na picha ni haki inayouzwa peke yake, na mara nyingi unaongea na msanii au lebo moja kwa moja. Asiye na bajeti hiyo atafute nyimbo zenye leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa ambayo msanii huitoa mapema kwa kila mtu kwa masharti yake, na asome herufi za mwisho: NC maana yake usifanyie biashara, ND maana yake usiubadilishe, na kwa masharti yao kuuweka kwenye video ni kuubadilisha. Mpwa alichagua wenye ND. Ilibidi aanze upya.