Miezi 14 nikilala kwenye bembea: seti nzuri, mikanda mibaya

Saa tisa za usiku wa kwanza niliamka nimekunjika, kidevu kifuani, mabega yamebanwa na kitambaa pande zote mbili, na makalio yanagusa sakafu. Niliwaza kuirudisha dukani asubuhi hiyo hiyo. Leo ni miezi 14 tangu usiku ule na bado nalala humo. Mara 31 nimelala porini chini ya turubai, siku nyingine zote chumbani kwangu.

Seti ilikuja na bembea yenyewe ya nailoni, mikanda miwili ya kufungia, karabina mbili (pete zinazofunguka, za kuunganishia bembea na mikanda) na mfuko wa kuwekea. Jina la kampuni naliacha, kwa kuwa seti za namna hii huuzwa kwa majina mengi na kasoro nitakayoieleza nimeikuta kwenye zaidi ya moja. Mimi nina urefu wa sentimita 183 na uzito wa kilo 84. Vipimo hivyo vishike, maana kila ninachosema hapa kimejaribiwa kwa mwili huu.

Kosa la usiku ule lilikuwa langu kwa sehemu kubwa. Nilikuwa nimeivuta ikanyooka kama kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu ndivyo picha nyingi za matangazo zinavyoonyesha. Kumbe bembea ya kulalia inatakiwa ilegee, na ilegee hasa. Mkanda ukitoka mtini uteremke kwa mwinamo wa nyuzi 30 hivi hadi kwenye ncha ya bembea. Kwa mwinamo huo kila mkanda unabeba uzito sawa na wa mwili wako mzima, yaani kwangu kilo 84 upande huu na kilo 84 upande ule. Ukiuvuta mwinamo ukabaki nyuzi 10, kila upande unabeba karibu kilo 240. Ukibaki nyuzi 5, ni karibu kilo 480. Mwili ni uleule, lakini mikanda, karabina, mishono na mti vinateswa zaidi ya mara tano, na wewe uliye ndani unabanwa mabega usiku kucha.

Kipimo changu ni mkono. Nanyoosha kidole cha shahada sambamba na ardhi, nasimamisha kidole gumba, halafu nausogeza mkono karibu na mkanda. Mkanda ukipita kwenye ncha za vidole vyote viwili, mwinamo uko sawa. Kwa miti iliyoachana mita nne na nusu, nafunga mikanda kwenye usawa wa paji la uso wangu, kama sentimita 175 kutoka chini. Nikishakaa, kitako changu kinabaki kama sentimita 45 juu ya ardhi, kimo cha kiti. Siendi juu ya hapo hata mahali panapopendeza kiasi gani, kwa sababu ukianguka usingizini hujui utatanguliza nini.

Jambo lililofuta kabisa wazo la kurudisha bidhaa ni kulala mshazari. Ukilala katikati, sambamba na mstari unaounganisha ncha mbili, unakunjika tu, ufanye nini. Nasogeza kichwa shibiri moja kushoto mwa mstari huo na miguu shibiri moja kulia, na kitambaa kinatanuka chini ya mgongo mpaka mwili unakaribia kulala tambarare. Nalala chali, na nageuka ubavu bila shida. Lakini hilo linataka nafasi. Bembea hii ina urefu wa sentimita 335 na upana wa 147, na kwa mtu wa kimo changu urefu huo hauna mjadala. Nyingi zinazouzwa kama za kambi zina sentimita 270 hivi. Niliazima ya rafiki yangu ya namna hiyo usiku mmoja: ni nzuri kwa kusoma kitabu jioni, lakini mshazari haupatikani, visigino vinafika ukingoni na mwili unarudi wenyewe katikati. Kama unachagua kitu kimoja tu cha kutazama kwenye lebo, tazama urefu.

Bado kulikuwa na kigongo cha kitambaa kilichokaza chini ya shavu la mguu, kikaniachia maumivu ya magoti asubuhi. Nilipandisha upande wa miguu sentimita 20 juu ya upande wa kichwa, nikaweka mto mdogo chini ya magoti. Kigongo hakikuisha ila kilihama kutoka mahali kilipokuwa kinauma, na tangu hapo magoti yangu hayajalalamika.

Sasa kuna kitu ambacho hakikuwemo kwenye seti na ambacho ningekinunua kabla ya kingine chochote: kamba nyembamba inayopita juu yako, kutoka ncha moja ya bembea hadi nyingine. Mimi naiita kamba ya juu. Kazi yake ni kuufunga ulegevu wa bembea kwenye kipimo kimoja, miti iwe karibu au mbali. Watumiaji wengi wanaanzia asilimia 83 ya urefu wa bembea. Kwangu ilitoka sentimita 278, nikaikata kwenye kamba isiyonyumbuka yenye unene wa milimita mbili na nusu, nikaifunga vitanzi kila upande. Tangu siku hiyo bembea yangu inalegea vilevile kila mahali. Zamani nilikuwa nafunga, nalala, nashuka, narekebisha, nalala tena, hadi giza linaniingilia. Siku hizi natumia dakika tano. Nikishalala naishika kamba hiyo kwa vidole viwili na kuipinda: ikipindika kwa nguvu kidogo, mambo ni sawa, ikiwa ngumu kama waya, nimevuta mno na nashuka kulegeza mikanda. Usiku naning'iniza hapo miwani na tochi. Nimeipenda kamba ile kuliko bembea yenyewe, na nashangaa kwa nini seti inauzwa bila hiyo.

Naja kwenye kasoro. Mikanda ya seti ni ya nailoni, na nailoni hunyumbuka. Ukiifunga jioni na kulala, inarefuka polepole chini ya uzito, na ikilowa umande inarefuka zaidi. Ndiyo maana usiku wa kwanza, pamoja na kuivuta kote kule, niliamkia sakafuni. Nilipima kwa futikamba: nilipopanda kitako kilikuwa sentimita 44 kutoka chini, asubuhi ilibaki 29. Hilo halikubaliki kwa kitu kinachouzwa kwa ajili ya kulalia. Nikaibadilisha kwa mikanda ya poliesta yenye upana wa sentimita mbili na nusu na vipimo vikanyamaza: jioni 45, asubuhi 43. Upana nao usiupuuze. Kamba nyembamba inakata gome, na chini ya gome ndipo chakula cha mti kinapopita. Mti niufungao uwe hai, mnene kuliko paja langu, na kabla ya kufunga natazama juu. Tawi kavu likiwa juu yangu, nahama, hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Karabina za seti ni nzuri. Zimeandikwa 12 kN, nguvu ya zaidi ya kilo 1,200, na nimezikagua kila mwezi bila kuona mkwaruzo wa maana.

Nililala porini mara ya kwanza nikiwa na mfuko mzuri wa kulalia, nikajua nimejiandaa. Kipimajoto changu kidogo kilisoma nyuzi 14 za Selsiasi, hali ambayo kwenye hema nisingeiwazia hata kidogo. Kufikia saa nane usiku mgongo na makalio vilikuwa vya baridi kama nimelalia jiwe la mtoni, huku kifua kikitoka jasho. Sababu ni hii: joto la mfuko wa kulalia linatunzwa na hewa iliyonaswa ndani ya manyoya au nyuzi zake. Ukizilalia zinabanwa, hewa inatoka, na chini yako kinabaki kitambaa kitupu huku upepo ukipita. Ardhi ingekukinga angalau na upepo. Hewani hakuna kitu.

Nilianza na mkeka wa sponji ndani ya bembea. Unafanya kazi, ni wa bei ya chini, na kwa anayejaribu ndio wa kuanza nao. Tatizo ni kwamba unateleza. Unaamka ukiwa umelalia nusu yake, nusu nyingine imekupanda begani. Bembea yenye tabaka mbili za kitambaa ingesaidia, maana mkeka unaingia katikati na kutulia, lakini yangu ni ya tabaka moja. Mwezi wa tano nikanunua mfarishi wa chini, yaani mfarishi unaoning'inizwa nje, chini ya bembea, ili usilaliwe. Usiku wa kwanza nikapata baridi tena, mahali pamoja tu, kiunoni. Niliteremka na tochi nikakuta nimeuning'iniza ukiwa umelegea: kulikuwa na uwazi wa kiganja kizima kati yake na bembea, na hewa ilikuwa inapita humo kwa raha zake. Nikakaza kamba zake mpaka ukagusa mgongo bila kubanwa, nikaziba ncha za kichwani na miguuni. Ukikaza mno unaubana na joto linapotea, ukilegeza upepo unaingia. Kipimo ni kulala ndani na kumwomba mwenzako apitishe mkono kati ya mfarishi na bembea. Mkono upite kwa kusuguana pande zote. Mke wangu ndiye aliyenifanyia hivyo, akasema, "Sasa umekaa sawa, baba, lala." Nikalala hadi saa kumi na mbili na nusu.

Turubai liwe refu kuliko kamba ya juu kwa sentimita 30 au zaidi kila upande. Langu lina mita 3.6. Mvua yangu ya kwanza turubai halikuvuja hata tone, na bado niliamka na kitambaa kilicholowa upande wa kichwa. Maji yalikuwa yanateremka mtini, yanafuata mkanda, yanapita chini ya turubai na kuingia bembeani. Dawa yake ni kipande cha kamba ya pamba cha urefu wa kidole kirefu, kilichofungwa kwenye mkanda karibu na bembea, ndani ya kivuli cha turubai. Maji yakifika pale yanafuata kamba na kudondoka chini. Chandarua nilinunua chenye zipu, kinachozunguka bembea nzima. Kiwe kizima hadi chini, kwa sababu mbu anauma mgongo kupitia nailoni ya tabaka moja bila taabu yoyote.

Nyumbani kulinitaka umakini zaidi kuliko porini. Ukilala, bembea haivuti kuelekea chini peke yake, inavuta pia kwa ulalo. Kwa kilo zangu 84 na mwinamo wa nyuzi 30, kila upande unavutwa kwa ndani kwa nguvu ya karibu kilo 73. Kwa hiyo sifungi kwenye nguzo ya matofali iliyosimama peke yake, kamwe. Nguzo za namna hiyo zimewahi kuwaangukia watu wakiwa wamelala ndani ya bembea. Kwangu nilitafuta boriti mbili za mbao ngumu, nikatoboa kwa keekee katikati ya unene wake, nikapitisha bolti za pete za milimita 10 zenye nati na washa upande wa pili. Nilizipakia mifuko ya mchanga ya kilo 120 siku mbili kabla ya kupanda mwenyewe.

Kwa chumbani nilinunua pia bembea ya pamba. Ni nzito na ikifuliwa inachelewa kukauka, kwa hiyo porini siibebi. Lakini kwa kila siku inaishinda nailoni: inapitisha hewa, haitelezi, haichakarishi ukigeuka. Watu huniuliza kama kubembea kunaleta usingizi. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva waliwalaza wanaume 12 mchana kwa dakika 45 kwenye kitanda kinachobembea taratibu, na walisinzia haraka kuliko kilipotulia. Kitanda kile kilikuwa kinasukumwa muda wote; bembea yangu inatulia baada ya dakika moja au mbili, na mara nyingi sijui ilitulia saa ngapi.

Dada yangu aliomba kumlaza humo mwanawe wa miezi minne. Nilimwambia hapana, na nakwambia hapana na wewe pia. Mtoto mchanga anatakiwa alale chali juu ya sehemu ngumu na tambarare, na bembea ni kinyume chake: kidevu kinaweza kumwangukia kifuani na kuziba pumzi.

Baada ya miezi 14 nailoni imechujuka rangi upande uliokuwa ukipigwa na jua, nami siku hizi naifungua na kuikunja kila asubuhi, kwa sababu jua linaila nailoni hata kama huoni. Kuna uzi mmoja uliovutwa na kifungo cha suruali, sentimita mbili hivi, ambao haujasogea tangu niufunge. Mishono ya nchani ni mizima. Bembea yenyewe ningeinunua tena kesho, kwa bei ileile. Mikanda ya nailoni sikuitupa. Natumia kufungia turubai likishakunjwa.