Mwanajeshi mstaafu wa Marekani: hospitali ya VA au daktari wa karibu?

Tangu Sheria ya MISSION ya 2018 ianze kutumika Juni 2019, VA, idara ya serikali inayohudumia wanajeshi wastaafu, inaweza kukutibu yenyewe au kukulipia daktari wa nje.

Kwa umbali na foleni, wa nje anashinda. Kama kufika kliniki ya kawaida au ya afya ya akili kunakula zaidi ya dakika 30 za kuendesha gari, au unasubirishwa zaidi ya siku 20, unaruhusiwa kutoka. Kwa daktari bingwa ni dakika 60 au siku 28.

Gharama? Mchango wako ni uleule. Ila chukua kibali kwanza. Ikiwa ni dharura, VA iarifiwe ndani ya saa 72, la sivyo bili inaweza kukuangukia.

VA inashinda kwenye uratibu, na mimi hili ndilo naliona zito zaidi. Faili ni moja, dawa zote zinaonekana, na ofisa ustawi wa jamii yumo humohumo: ukikosa makazi, anakuunganisha na vocha za HUD-VASH, za kusaidia kulipa kodi ya nyumba. Daktari wa nje anatibu goti, rekodi zinachelewa kurudi.

Mwenye goti tu, anayeishi mbali huko Montana, atoke. Mwenye majinamizi ya vita, dawa nyingi na nyumba ya wasiwasi, aanzie VA. Wengine huchanganya: upasuaji nje, ushauri nasaha ndani.