Riviu ya Maswali na Majibu Bungeni: majibu yapo, tarehe ndo haipo

Nyota mbili na nusu kati ya tano. Naiweka juu kabisa ili mwenye haraka asome aondoke, mwenye muda twende taratibu maana kuna mazuri na kuna yanayouma.

Nachozungumzia ni kile kipindi cha saa tatu asubuhi pale Dodoma, dua imeshasomwa, hati zimeshawekwa mezani, Katibu anaita maswali, mbunge anasimama anaomba swali lake lipatiwe majibu na naibu waziri anakwenda kusoma karatasi. Wengi wetu tunakipita tu kama redio imewashwa, tunasubiri bajeti na zile siku za makelele, lakini mimi nakifuatilia sana na naamini ndo sehemu ya Bunge iliyo karibu zaidi na mtu wa kijijini. Ibara ya 63 ya Katiba yetu ya 1977 inasema Bunge linaweza kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Swali lolote jamani. Kwa mbunge wa kawaida, yule hana wizara, hana uenyekiti wa kamati, jina lake halitajwi kwenye taarifa ya habari, hii ndo nafasi pekee ya kuhakikisha serikali inasimama inajibu kitu cha jimboni kwake kwa jina la kijiji. Kwenye bajeti anachangia dakika chache kengele inagonga, na waziri akija kuhitimisha anaweza asimtaje kabisa.

Muundo wenyewe uko vizuri, hapo sina shida. Swali la msingi linapelekwa mapema kwa maandishi kwa hiyo wizara inapata muda wa kupiga simu halmashauri, kuuliza TARURA wa barabara za vijijini na mijini, kuuliza RUWASA wa maji vijijini, kuangalia kwenye vitabu. Waziri hashtukizwi. Baada ya jibu mwenye swali ana maswali mawili ya nyongeza, na wabunge wengine wanaweza kupewa moja moja Spika akiwaona. Sasa kama mtu kapewa swali mapema na ana wizara nzima nyuma yake, mimi nategemea jibu liwe kamili, na hapa ndo nyota zinaanza kudondoka.

Chukua swali la boma la zahanati, maana hili linaulizwa kila mkutano wa Bunge na ukilielewa hili umeelewa yote. Wananchi wamechanga, wamefyatua tofali, wamebeba maji na mchanga, boma limesimama mpaka kwenye lenta, sasa wanasubiri serikali ipaue na kumalizia. Mbunge anauliza je, ni lini serikali itakamilisha boma hilo. Swali lina neno moja tu la maana, LINI. Naibu waziri anasimama, Mheshimiwa Spika kwa niaba ya Waziri wa Nchi Ofisi ya Rais TAMISEMI naomba kujibu swali la Mheshimiwa mbunge kama ifuatavyo, serikali inatambua na inathamini nguvu za wananchi, halafu anaingia kwenye maboma ya nchi nzima, mangapi yamekamilishwa, mabilioni mangapi yamepelekwa, halmashauri yenyewe imepata kiasi gani kwa ujumla, na mwisho anafunga kwamba serikali itaendelea kutenga fedha kukamilisha maboma yakiwemo ya jimbo hilo kadri ya upatikanaji wa fedha. Anakaa.

Rudia hilo jibu taratibu. Hakuna uongo hata mmoja ndani yake, takwimu zinaweza kuwa sahihi kabisa, lugha ni ya heshima, na bado lini haijajibiwa. Yule mama aliyebeba mchanga kichwani hajui kama ni mwaka huu au ni baada ya miaka mitano, na mtendaji wa kijiji hajui aseme nini kwenye mkutano. Ndo maana siwezi kusema mawaziri wetu wanakwepa maswali kwa maana ya kukimbia au kukataa, wanajibu, wanajibu sana tu, ila wanajibu swali la jirani. Umeuliza kijiji kimoja unajibiwa nchi nzima, umeuliza tarehe unapewa nia.

Barabara ndo kabisa. Kuna barabara zimekaa kwenye upembuzi yakinifu na usanifu wa kina mpaka watoto waliokuwa wanasoma msingi wakati swali linaulizwa mara ya kwanza sasa ni wapiga kura. Usanifu ukiisha jibu linahamia kwenye "serikali inatafuta fedha", na kutafuta hakuna mwisho kwa sababu hakuna anayeuliza imetafutwa wapi na imeombwa kiasi gani. Mimi naelewa kabisa kujenga kilomita moja ya lami ni hela nyingi na serikali haiwezi kujenga zote mara moja, hilo mbunge analijua na wananchi wanalijua. Waziri akisema barabara hii haipo kwenye bajeti ya mwaka huu wala ya mwakani, itakayotangulia ni ile ya jirani kwa sababu hii na hii, itauma lakini watu watapanga maisha yao. Jibu la hapana lililonyooka lina faida kuliko ndiyo ya kuning'inia, na ni majibu ya hapana ndo yanakosekana kabisa kwenye hii huduma.

Haki itendeke lakini, wapo wanaojibu. Maswali ya umeme vijijini mara nyingi yanapata majibu unayoweza kuyashika mkononi, vitongoji vilivyobaki vingapi, mkandarasi ni nani, mkataba unaisha lini. Sababu naiona iko wazi, kule kuna mradi wenye mkataba kwa hiyo waziri ana kitu cha kusoma chenye tarehe ndani yake. Na Spika naye ameshawahi zaidi ya mara moja kukataa jibu na kuagiza swali likatafutiwe majibu upya, na siku hizo unaona kabisa wizara nyingine zinakaa sawa. Hiyo nguvu ipo, ingetumika mara nyingi zaidi ningeongeza nyota nzima.

Sasa tuje kwa wabunge wenyewe maana lawama zote haziendi upande mmoja. Swali la nyongeza ndo silaha hasa, kwa sababu lile la msingi waziri alishajiandaa, la nyongeza anatakiwa ajue kazi yake. Na hapa ndo panapopotea dhahabu. Mbunge anasimama, namshukuru Mheshimiwa Naibu Waziri kwa majibu mazuri (ndugu yangu yalikuwa mazuri kwa lipi, hujajibiwa), halafu anauliza swali la boma lingine la kijiji kingine, au anauliza je, Mheshimiwa Naibu Waziri yuko tayari kuongozana nami kwenda jimboni akajionee. Jibu mnalijua, yuko tayari, baada ya Bunge hili tutaongozana. Swali la msingi limeachwa hapo hapo. Nyongeza moja imetumika kuomba safari! Ziara si mbaya, waziri akifika mambo mengine yanasogea kweli, lakini ombi la ziara linaweza kufanywa kwa ujumbe wa simu au kwenye korido, nafasi ya kumwambia waziri mbele ya nchi nzima kwamba sijasikia tarehe, naomba tarehe, hiyo haipo korido.

Kingine, baada ya naibu kujibu, waziri mwenyewe anaweza kusimama kwamba pamoja na majibu mazuri ya naibu wangu naomba niongezee. Mara chache anakuja na kitu kipya, hapo ni vizuri sana. Mara nyingi anarudia yale yale kwa sauti kubwa na dakika zinaliwa, mbunge mwingine aliyekuwa kwenye foleni ya nyongeza anakosa.

Alhamisi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, hii naipa alama za juu kuliko siku nyingine. Hakuna karatasi, swali linakuja hapo hapo, na anayejibu ana uwezo wa kuagiza wizara zote. Udhaifu wake ni ule ule, maswali yanakuwa mapana mno, sera ya serikali ni nini kuhusu jambo fulani, na swali pana linazaa jibu pana. Halafu tangu uchaguzi wa 2020 ukumbi umejaa chama kimoja karibu wote, kwa hiyo anayeuliza na anayejibu wanakutana kwenye vikao vile vile vya chama na wanategemeana. Hilo linapunguza makali, sioni sababu ya kulizunguka.

Ila haimaanishi mbunge wa chama tawala hawezi kubana. India mwaka 1957 alikuwepo mbunge anaitwa Feroze Gandhi, chama kimoja na serikali na isitoshe ni mkwe wa Waziri Mkuu Nehru mwenyewe, akaanza kuhoji hela za shirika la bima la taifa zilivyowekwa kwenye kampuni za mfanyabiashara Mundhra. Hakukubali majibu ya juu juu, alikuja na mahesabu, ikaundwa tume na mwanzoni mwa 1958 Waziri wa Fedha Krishnamachari akajiuzulu. Chama hakikufa na nchi haikuyumba.

Na wahindi hao hao ndo wana kitu nakitamani sana hapa kwetu. Tangu 1953 bunge lao lina kamati ya ahadi za serikali. Waziri akisema bungeni "tutalifanyia kazi" au "tutalichunguza", maneno yale yanachukuliwa kama ahadi, yanaandikwa, na serikali inatakiwa kuitekeleza ndani ya miezi mitatu au iombe muda kwa maelezo. Uganda hapo jirani nao wana kamati ya aina hiyo. Fikiria "tutaongozana" na "kadri ya upatikanaji wa fedha" zote zinaandikwa kwenye daftari lenye tarehe na wizara inaitwa kuulizwa imefikia wapi. Nina hakika kabisa majibu yangebadilika bila kubadilisha waziri hata mmoja, kwa sababu mtu akijua ataulizwa tena anapima maneno kabla ya kuyatoa.

Kenya walipita njia tofauti, katiba yao ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni kabisa, wakawa wanajibu mbele ya kamati, halafu mwaka 2023 wakaanza tena kuitwa ukumbini kujibu maswali maana wabunge waliona kamati peke yake haitoshi. Hapo unaona thamani ya waziri kusimama mbele ya wote. Uingereza ile ya Jumatano saa sita mchana nusu saa na Waziri Mkuu ni maarufu dunia nzima kwa kelele, mimi siipendi sana, ni mashindano ya vijembe. Kitu cha kuiga kule ni ung'ang'anizi wa wabunge wa viti vya nyuma. Mwaka 1982 meli ya kivita ya Argentina, General Belgrano, ilizamishwa na Waingereza kwenye vita ya visiwa vya Falkland na watu 323 wakafa, serikali ikatoa maelezo yake bungeni. Mbunge Tam Dalyell hakuridhika, akauliza, akauliza tena, miaka inapita anauliza meli ilikuwa inaelekea wapi, watu wakamwona msumbufu. Mwaka 1984 afisa wa Wizara ya Ulinzi, Clive Ponting, akampelekea nyaraka zinazoonyesha Bunge halikuambiwa ukweli wote. Ponting akashtakiwa kwa kutoa siri za serikali, na mwaka 1985 baraza la wazee wa mahakama likamwachia huru.

Wanaosema majibu ya mzunguko ni jambo dogo wamkumbuke pia Jaji Liam Hamilton wa Ireland, aliyeongoza uchunguzi mkubwa wa biashara ya nyama ya ng'ombe kuanzia 1991 mpaka 1994. Alisema, kwa maneno yangu, kwamba kama maswali bungeni yangejibiwa namna yalivyojibiwa mbele yake, uchunguzi ule usingehitajika na muda na pesa nyingi zingeokolewa. Kwa hiyo jibu la mzunguko asubuhi saa tatu lina gharama, bili inakuja baadaye tu.

Kwa anayetaka kuitumia hii huduma vizuri, Taarifa Rasmi yaani Hansard zipo kwenye tovuti ya Bunge, unashusha bure. Tafuta jina la jimbo lako au la barabara yako. Usiishie kwenye jibu la msingi, shuka kwenye nyongeza, angalia kama mbunge wako alirudi kwenye kitu chenyewe au alihamia kijiji kingine. Halafu tafuta swali lile lile miaka miwili mitatu nyuma, weka majibu mawili pembeni kwa pembeni, ukikuta sentensi zinafanana mpaka nukta, piga picha mtumie mbunge wako kabla ya mkutano ujao wa Bunge na mwambie nyongeza ya kwanza isome jibu la zamani na tarehe yake, nyongeza ya pili iulize nini kimebadilika tangu siku ile.