Ushauri kwa wanachuo wa IT hapa Tanga: yule mama wa Ngamiani

Watu wa Tanga habari zenu. Hili jambo nimekaa nalo toka likizo ndefu ya mwaka jana, nikasema lazima niliandike, maana kila nikirudi nyumbani wadogo zangu pale Makorora wananiuliza kaka nisome IT chuo gani, kaka nimekula sapu (mtihani wa kurudia) nifanyeje, na mie jibu langu siku hizi ni moja tu, nenda kwa yule mama wa Ngamiani. Jina lake siliweki kwa sababu sikumuomba ruhusa, na ofisi yenyewe haina hata kibao, ila ukifika zile barabara za kati ukauliza mwalimu wa kompyuta anayeshauri wanachuo, hata muuza mihogo ya kukaanga atakuonesha ngazi za kupandia.

Nianze na kilichonipeleka. Mie nasoma IT chuo kimoja cha bara, digrii ya miaka mitatu. Chuoni kila mwanafunzi ana mshauri wake wa masomo, kwenye karatasi. Mwaka wa kwanza wote mie wangu nilimuona mara mbili na mara zote mbili ni koridoni, akasaini fomu yangu ya kozi kaiegemeza ukutani akaniuliza "uko sawa lakini?" nikasema niko sawa, basi. Simlaumu sana, mlangoni kwake pamebandikwa orodha ya wanafunzi wake ndefu kutoka juu mpaka kwenye kitasa. Lakini sikuwa sawa. Matokeo ya semista ya pili yametoka niko nyumbani, nafungua kwenye simu nakuta data strakcha (kozi ya namna ya kupanga data kwenye kompyuta) nimekula sapu na kozi nyingine zimejaa C. Nikamwambia mama naacha IT nahamia masoko. Mama hakulala siku ile, alikuwa anahesabu ada aliyolipa kwa pesa ya genge, na mie nilimsikia.

Jirani yetu ndo akasema kabla hamjahamisha mtoto mpelekeni kwa yule mwalimu kwanza.

Ni chumba kimoja juu ya duka la vyombo, feni moja, benchi la kusubiria liko nje kwenye baraza. Mwenyewe ni mama mtu mzima, alifundisha kompyuta chuoni miaka mingi kabla ya kustaafu. Kikao cha kwanza ni elfu 20, kinaenda kama saa moja na nusu, vikao vya kurudi elfu 10, unalipa kwa simu au keshi. Tumeingia nikamwamkia shikamoo mwalimu, akaitikia marahaba mwanangu, halafu akamgeukia mama yangu akamwambia kwa upole kabisa, dada yangu naomba unisubirie pale kwenye benchi, nusu ya kwanza naongea na mwanafunzi mwenyewe. Mama alichukia kidogo. Ila nawaambia ukweli, mama angekuwepo ndani mie nisingesema nusu ya yale niliyosema.

Sasa hapa ndo pa kuandikia. Mie nilitegemea nasaha za kusoma kwa bidii, kuacha simu, kumuomba Mungu, vile tunavyoambiwa kila siku. Yule mama hakusema hata moja. Alichukua karatasi yangu ya matokeo akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, anasoma, anashusha rula, anasoma, kimya kama dakika kumi nzima nasikia feni tu. Akafika mwisho akarudi juu. Akachukua penseli akazungushia kozi ya semista ya kwanza, ile ya kuanza kuprogramu kwa lugha ya C, ambayo mie nilipata 41. Nilipasi! Kwa chuo chetu gredi ya C inaanzia 40. Akaniambia, "Mwanangu, sapu yako haiko kwenye data strakcha, iko hapa. Hapa ulipita mlangoni lakini hukuingia ndani." Akachora mshale kutoka pale mpaka kwenye data strakcha, mshale mwingine kutoka hesabu za diskriti mpaka hapo hapo, halafu akaendelea kuchora kwenda kozi za mwaka wa pili ambazo sijasoma bado: databesi, algorithimu, kuprogramu kwa obijekti, netiweki. Karatasi ikajaa mishale na karibu yote inaanzia kwenye ile 41.

Mwaka mzima hakuna mtu aliyenionesha kwamba kozi zinategemeana hivyo. Mie nilikuwa naona kila semista ni kurasa mpya, ukipasi umepasi.

Halafu akanipa karatasi tupu akasema andika programu ya kujumlisha namba kumi. Bila laptopu, bila kugugo. Nilishindwa. Nilianza nikakwama kwenye lupu (sehemu ya programu inayojirudia), sijui inaanza sifuri au moja, inaishia wapi. Hakunikaripia. Akainuka akaleta bao. Bao la kete hili hili la wazee wanalocheza barazani, mashimo 32 na kete 64, mistari minne ya mashimo manane manane. Akaweka kete kwenye mstari mmoja akasema hii ndo arei, mashimo manane, jina lake moja, sasa niambie shimo la kwanza ni namba ngapi. Nikasema moja. Akasema kwenye C ni sifuri, kwa sababu ile namba haihesabu mashimo, inahesabu umetembea hatua ngapi kutoka mwanzo, na kwenye shimo la kwanza hujatembea hata hatua moja. Kwa hiyo la mwisho ni saba. Akaniuliza sasa ukiomba namba nane? Nikaangalia, namba nane imeshaingia nje ya mstari. Akasema C haikukatazi, itakuacha uchukue kete za jirani na utajua siku programu imekuletea namba za ajabu au imekufia mkononi. Hayo mambo yalishanitokea kwenye leb mara nyingi na sikuwahi kujua kwa nini!

Ile linked list (data zilizoungana kama mnyororo) iliyonila kwenye mtihani akanifundisha kwa vikaratasi. Kila shimo kete zake na kikaratasi kinachosema shimo linalofuata ni lipi, mashimo yametawanyika bao zima, hayafuatani, ila ukishika kikaratasi cha kwanza unafika mpaka cha mwisho. Akaniambia nitoe shimo la katikati kwenye mnyororo. Nikalitoa kete zake. Akasema angalia nani bado anamwelekeza mtu kwako. Nikaona, kikaratasi cha nyuma bado kinaelekeza kwenye shimo nililolitoa, inabidi nikibadilishe kwanza kielekeze kwa yule wa mbele. Mikono ilikuwa inanitetemeka jamani, sio uoga, ni ile raha ya kitu kukuingia.

Mama alipoitwa ndani ikawa zamu ya hesabu. Vyuo vyetu mwaka mmoja una krediti 120, miaka mitatu 360, na krediti moja maana yake ni saa 10 za kusoma, yaani lekcha, leb, kujisomea vyote pamoja. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Gawa kwa wiki 15 za semista unapata saa 8 kwa wiki kwa kozi moja. Akaniuliza ile kozi ya lugha ya C ulikuwa unaipa saa ngapi. Nikamjibu lekcha mbili na leb moja ambayo nusu yake naangalia kwa mwenzangu. Mama yangu kanyamaza kimya, amenielewa.

Kisha GPA, yaani wastani wa pointi za kozi zote. Akasema tuchukue umepasi sapu, na sapu inatoa C hata ufanye vizuri vipi, mwaka wa kwanza utafunga na 2.6. Mie nataka apa sekondi (daraja la pili la juu la digrii) ambayo inaanzia 3.5. Akapiga hesabu mbele yetu: 3.5 mara 360, toa 2.6 mara 120, gawa kwa 240 zilizobaki. Inakuja 3.95. Maana yake B+ karibu kila kozi kwa miaka miwili, kwa sababu B+ ni pointi 4. Akasema inawezekana lakini ni kazi kweli kweli, nikikubali niikubali nikijua namba, na nikiona siwezi basi hata 3.0 yenye kazi nilizozifanya kwa mkono wangu ina heshima yake. Hakuna aliyewahi kuongea na mie kama mtu mzima namna hiyo.

Kuhusu kuhama hakusema baki wala hama. Aliniuliza swali moja, ukiacha matokeo, siku gani mwaka huu ulifurahia darasani? Nikasema siku tuliyounganisha kompyuta mbili kwenye leb zikaongea. Akaandika neno netiweki pembeni ya karatasi akaliwekea duara. Akafungua tangazo la ajira za serikali, la Afisa TEHAMA Daraja la II, akanisomesha majukumu moja moja nimwambie lipi nalijua. Akanielekeza kozi za Cisco (kampuni ya vifaa vya netiweki) za bure za mtandaoni na ile Packet Tracer ambayo unaunda netiweki nzima ndani ya laptopu bila kununua kifaa. Ila mtihani wa CCNA, cheti cha netiweki cha hao hao Cisco, akanikataza kwa sasa, cheti kinadumu miaka 3 tu, ukikikimbilia mwaka wa pili kinaanza kuisha ndo kwanza unatafuta kazi, na hela yake sio ndogo. Subiri mwaka wa mwisho. Mie nina wenzangu walioshauriwa waweke kila cheti mapema, hili naliona ni la maana sana.

Na fildi (mafunzo kwa vitendo kazini) akasema usikimbilie Dar kwa sababu wenzio wote wanakwenda Dar. Hapa hapa kuna bandari, kuna viwanda vya saruji, kuna hospitali ya Bombo, na kule Chongoleani ndo linapoishia bomba la mafuta la kutoka Uganda, kilomita 1,443, nalo limewekewa faiba ya mawasiliano, hivyo vitu vinataka watu wa netiweki. Ukienda fildi uliza kabla utashika nini, sio utakaa wapi.

Binamu yangu wa kike naye nilimpeleka baadaye, yeye kamaliza form six. Kabla ya hapo alishakwenda kwa watu wengine mjini wanaoombea watu vyuo, wakachukua elfu 50 wakamjazia machaguo bila hata kumuuliza anapenda nini, kila aliye na hesabu wanamuandikia ualimu. Huyu mama alimfungulia kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), akamuonesha kwamba prinsipo mbili (ufaulu wa A hadi E kwenye masomo ya form six) zenye pointi 4 ni kiwango cha chini tu cha kuingia, kila programu ina masharti yake juu ya hapo, na akamueleza kompyuta sayansi inamtaka apende hesabu na nadharia, IT ni zaidi mifumo, netiweki na databesi, mifumo ya habari inachanganya na biashara. Binamu kachagua mwenyewe. Hilo ndo nililipenda.

Kasoro zipo na nazisema. Hakuna namba za foleni, siku ya pili nilikaa benchini saa mbili na nusu na jua la saa saba linapiga baraza lote, kuna mama mjamzito kamleta mwanawe tukampisha akae upande wa kivuli, pale panahitaji turubai. Halafu mambo ya AI na sayansi ya data hayajui sana, ingawa alisema mwenyewe kabla sijauliza mara ya pili, akanipa namba ya mwanafunzi wake wa zamani niongee naye, na hiyo hakunitoza. Umeme ukikatika kikao kinaendelea ila feni hakuna, mjiandae. Na vijana wa miaka ya mwisho wanaotaka kuandikiwa projekti wasijisumbue, hafanyi, alimrudisha mmoja nikiwepo.

Sapu nilifanya Septemba, swali la pili lilikuwa linked list, kufuta nodi ya katikati, yaani lile shimo la katikati. Nilichora bao pembeni ya karatasi ya majibu kwanza halafu ndo nikaandika. Nimepasi. Semista iliyofuata ya mwaka wa pili nimefunga na 3.8, haijafika 3.95 bado, karatasi yenye mishale nimeibandika juu ya kitanda hostel na kozi nilizomaliza nazipaka rangi.

Nampa nyota nne na nusu, nusu iliyopungua ni ya benchi. Anafungua Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, wahini saa mbili asubuhi. Matokeo mchapishe kwenye karatasi, kwenye simu hasomi kwa sababu rula haikai.